Maji Yanakuja

Ndugu zangu, sogeeni niwasimulie habari za mtaa mmoja ulioning'inia ubavuni mwa kilima, ndani ya jiji kubwa ambalo watu wake wamezidi nafasi. Msiniulize ni mtaa gani. Mkishanisikiliza, tokeni mlangoni mtazame kwenu, halafu mniambie kama hamjauona.

Siku ninayoanzia ilikuwa njema. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia hadi katikati ya chumba, cherehani inaimba, na mwenye cherehani naye anaimba nyuma yake. Alikuwa fundi wa sare za shule, mwanamke mcheshi, mwenye pini mdomoni saa zote hata watu wakajiuliza hula saa ngapi. Mumewe, mwoka mikate, alikuwa ametoka kiwandani alfajiri na sasa amelala chumba cha pili, akikoroma bila wasiwasi. Binti yao wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, alikuwa amekaa kizingitini akitenga vifungo vyeupe na vya bluu. Ilikuwa nyumba yenye amani, na fundi alilijua hilo na kulishukuru.

Juu ya paa la nyumba hiyo palikuwa na king'ora.

Kiliwekwa hapo kwa sababu lilikuwa paa pekee la zege kwenye mteremko wote. Chini kabisa, bondeni, unapita mtaro mkuu wa jiji, ule unaopokea maji ya mvua kutoka milimani na kuyapeleka mbali. Mwaka mmoja mtaro huo ulifurika ukabeba vibanda vya watu. Ndipo ofisi ya maafa ya jiji ikamtuma afisa wake, msichana mpole aliyezoea kupanda ngazi za watu akiwa na makaratasi kwapani. Watu wakambatiza jina la Dada Maafa. Ni jina baya kwa mtu mwema, lakini mteremko ule haukuwahi kumpa mtu jina zuri.

Dada Maafa aliwakusanya wakazi katika uwanja wa shule, juu kileleni. "Kikilia hiki," aliwaambia, "usiulize. Acha chungu jikoni, acha nguo kambani, shika mtoto, panda hapa shuleni." Akaweka vibao kwenye njia panda zote, kila kimoja kina mshale mwekundu unaoelekea juu. Fundi naye akapewa ufunguo wa paa na simu ya kupokea habari kutoka kwa mlinzi wa lango la bwawa, kule milimani.

"Kazi yako ni moja tu, Mama," Dada Maafa alimwambia. "Mlinzi akipiga, unabonyeza kwa kirefu bila kukatiza, unapiga kelele, 'Maji yanakuja!'"

"Na asipopiga?"

"Unashona."

Wakacheka wote wawili.

Sasa, asubuhi hiyo njema, cherehani ikiimba, simu ya fundi ililia. Hakuwa mlinzi. Alikuwa mwanamke wa nyumba za chini, anapiga kelele za furaha: bomba limefungua, maji yanatoka! Ninyi mnaoishi mahali ambapo maji hutoka kila unapozungusha koki hamwezi kuelewa kelele zile. Mteremko wote ulitegemea bomba moja lililokuwa bondeni, kando ya mtaro, na bomba hilo lilikuwa limekauka muda mrefu, hata watu wamechoka kulisengenya. Likifungua, hukaa kidogo tu kisha likafunga. Aliyekuwa karibu alijaza, na aliye juu aliletewa habari maji yakiwa yameshakatika.

Fundi aliwafikiria majirani wa juu. Akamfikiria mzazi mmoja mwenye kichanga, nepi zimejaa beseni. Huruma ikamshika, huruma ya kweli, wala msimseme vibaya kwa hilo. Akatoa pini mdomoni, akapanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa, akajisemea, "Nabonyeza kidogo tu."

Alibonyeza kidogo tu, na mteremko ukalipuka. Watu walikimbilia shuleni kama walivyofundishwa: wazee, watoto, mwenye sabuni usoni, mwenye kuku kwapani. Mwoka mikate alipita mlangoni kwake amekumbatia mto wa kulalia, hakumwona hata mkewe aliyekuwa akimwita kutoka juu ya paa. Ilibidi fundi apande mwenyewe hadi uwanjani, akiwa hoi, kuwaeleza kwamba ni bomba tu limefungua.

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, na kundi zima likageuka likashuka bondeni kwa ndoo na madumu. Siku hiyo karibu kila nyumba ilipata maji. Jioni watu walipita mlangoni kwa fundi kumshukuru, wakampa jina jipya, Mama King'ora, naye akavimba kichwa kidogo, kama ambavyo mimi na wewe tungevimba.

"Umenikimbiza na mto," mumewe alilalamika.

"Na maji ya kuoga umepata, au hukupata?"

Alikuwa amepata. Basi yakaisha.

Lakini ndugu zangu, hayakuisha, ndiyo kwanza yalianza. Bomba lilipofungua tena, watu walimpigia fundi, na fundi akabonyeza. Mara ya pili ni wachache waliopanda shuleni. Mara ya tatu hakupanda mtu. Baada ya hapo king'ora kikawa cha mtaa: mtoto amepotea, bonyeza, wauguzi wa chanjo wamefika, bonyeza, timu ya mtaa imefunga bao, vijana wanagonga mlango wakiomba kidogo tu, na Mama King'ora, ambaye hakujua kusema hapana mbele ya watu wanaomsifu, alibonyeza. Mwoka mikate akanunua pamba akawa anaziba masikio kila anapolala.

Dada Maafa alipopata habari alikuja mbio. Hakufoka. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akanywa maji aliyopewa, akasema, "Mama, hiki si kengele ya kuitia watu vitu. Siku kitakapolia cha kweli watajuaje?"

"Watajua," fundi alimjibu. "Watu wa hapa si wajinga. Tufanye hivi: kifupi ni maji ya bomba, kirefu ni hatari."

Msichana yule hakuridhika. Alitaka kifungwe kwa kufuli hadi wakazi wafundishwe upya, lakini fundi alimbembeleza, majirani wakamzunguka wakimweleza shida ya maji, na mwishowe akakubali shingo upande. Akaondoka akiahidi kurudi. Akiwa njiani aliona kimoja cha vibao vyake, pale njia panda ya ngazi za bondeni, kimefunikwa na shuka. Mama mmoja dobi alikuwa amefunga kamba yake ya nguo kwenye nguzo ya kibao, na shuka za wateja wake zilikuwa zikipepea juu ya mshale. Dada Maafa alizisogeza, akazungumza na dobi, dobi akaitikia vizuri, na kesho yake shuka zikarudi palepale. Kamba ingefungwa wapi kwingine?

Mapatano ya kifupi na kirefu yalidumu mpaka siku bomba lilipofungua kwa nguvu isiyo ya kawaida, maji yakiruka kama yametumwa. Fundi alifurahi mno. Akabonyeza akasahau kuondoa kidole. Watu wakaelewa vingine: kumbe kirefu ni maji mengi. Watoto wakatunga wimbo, *kifupi leta ndoo, kirefu leta pipa*, wakauimba wakiruka kamba uwanjani, na wakubwa wakauimba pia. Fundi aliusikia wimbo huo. Alijua umekosewa. Alisema moyoni atawasahihisha siku wakikutana kwenye mkutano, na mkutano ukawa hauitishwi.

Tena kulikuwa na jambo lingine dogo, la aibu, ambalo lazima niliseme. Simu ya kwamba bomba limefungua ilipoingia, fundi hakupanda juu ya paa mara moja. Kwanza alimwita Kitinda, akampa madumu mawili, akamwambia, "Kimbia." Alimpa nafasi ya kufika chini, ndipo akabonyeza. Kwa hiyo kila mara watu walipowasili bondeni wakihema, walimkuta binti wa Mama King'ora ameshajaza, anapumzika.

"Mwanangu," fundi alimfundisha, "ukiwa popote, ukisikia tu, usisubiri kuambiwa. Shuka. Wewe ni mtu wa kwanza. Mama yako ndiye analala na king'ora kichwani."

Aliyeligundua hilo ni dobi. Huyu alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, na maji kwake ndiyo kazi yenyewe. Aliijua foleni ya bomba kama sebule yake. Siku moja alimfuata fundi hadi mlangoni, mbele ya wateja.

"Fundi, nina swali. Hivi mwanao husikia king'ora kabla hakijalia?"

"Unamaanisha nini?"

"Nauliza tu. Maana mimi nakaa hatua chache kutoka bombani, nakimbia kama mwizi, na bado namkuta yeye. Masikio ya aina gani hayo? Nami nitafute."

Wateja wakaangua kicheko. Fundi aliona uso unamwaka. "King'ora kiko juu ya paa langu, Dobi. Mume wangu halali. Kama mwanangu akipata madumu mawili ya mwanzo, nani amekufa?"

"Hajafa mtu," dobi alisema. "Ila foleni ni foleni. Ukishaidanganya foleni, kesho tutakuamini vipi?"

"Usiniamini. Kaa na ndoo zako usubiri."

Dobi aliondoka zake. Kuanzia hapo maneno yakatambaa mtaani kwamba Mama King'ora ana mkono mrefu, kwamba king'ora kikilia yeye ameshakula cha kwanza. Watu waliendelea kumwitikia kwa tabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa na chumvi.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mchana wa jua kali, mbingu nyeupe, hakuna hata tone la mvua. Nawaomba mlikumbuke jua hilo. Tumezoea kudhani mafuriko huja na mvua ya kwetu, kumbe jiji kubwa hupokea mvua ya wengine. Kule milimani ilikuwa imenyesha usiku kucha na asubuhi nzima, na bondeni hakuna aliyejua.

Fundi alikuwa akikunja pindo la sketi simu ilipolia. Alipokea akitegemea kusikia habari za bomba.

"Fundi!" Ilikuwa sauti ya mlinzi wa lango. "Maji yameruka lango. Mtaro haubebi. Yanakuja huko, mengi mno. Piga sasa hivi!"

Fundi hakuuliza swali. Sketi ilianguka sakafuni, naye akapanda ngazi ya chuma miguu mitupu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akabonyeza, sauti moja, ndefu, isiyokatika, kwa nguvu zake zote, kama alivyofundishwa na Dada Maafa siku ile ya kwanza uwanjani.

Milango ikafunguka mteremko mzima. Akashusha pumzi. Wamesikia, alijisemea. Kisha akawaona wakitoka. Walikuwa wakitoka na mapipa. Mwanamume mmoja alikuwa akivingirisha lake mbele yake kwa miguu. Wanawake wamebeba beseni kichwani na madumu mikono yote miwili. Wote, kila uchochoro, walikuwa wakishuka.

Fundi akabonyeza zaidi, akidhani hawajaelewa. Kadiri alivyobonyeza ndivyo walivyoongeza mbio. Akapiga kelele kwa sauti yake yote, neno lilelile aliloagizwa kulipigia kelele: "Maji yanakuja! Maji yanakuja!"

"Tunakuja!" wakamjibu kutoka chini. Mwanamke mmoja akampungia mkono. "Ahsante, Mama King'ora!"

Hapo akamwona Kitinda. Mtoto alikuwa kwenye uwanja wa shule, akiruka kamba na wenzake. Alikuwa tayari juu, ndugu zangu. Alikuwa mahali salama kuliko mahali pote katika mtaa ule. Aliposikia kirefu alifanya alivyofundishwa na mama yake: hakusubiri kuambiwa. Fundi aliona utosi wake ukipita mlangoni chini, kamba ya kuruka imezungushwa shingoni, mkono ukinyakua madumu mawili kizingitini.

"Kitinda! Kitinda, rudi!"

Lakini kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza, na king'ora kilimeza jina la mwanawe. Alipokiachia, mtoto alikuwa ameshapinda kona.

Fundi alishuka ngazi ya chuma akiteleza. Alipiga mlango wa chumba cha pili teke. "Baba Kitinda! Mafuriko! Amka!"

Mwoka mikate alitoa pamba sikio moja. "Ya kweli au ya bomba?"

"Ya kweli! Kitinda ameshuka!"

Mumewe alimtazama usoni, akaamini. Akanyakua sufuria na mwiko, akatoka akivigonga, akipita nyumba za juu na kuwazuia waliokuwa bado hawajashuka, akiwasukuma kwa mabega kuelekea shuleni. Wengi walipona kwa sufuria ile. Fundi yeye alikuwa ameshaanza kushuka ngazi za bondeni, akipamiana na watu, akilia, akiwashika mikono. "Rudini! Si bomba! Ni mtaro!" Wengine walisimama. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Alipita njia panda penye kamba ya dobi, shuka zikampiga usoni, akazisukuma akaendelea.

Foleni ilikuwa imeshaundwa. Ilianzia bombani, ikapinda kona ya ukuta, ikapanda ngazi. Watu walikuwa wametulia, wameweka vyombo chini, wanasubiri. Koki ilikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Fundi alitafuta kwa macho mbele kabisa, mahali mwanawe alipozoea kusimama, lakini kona ilimzuia asione. Akajitupa mbele ili awapite watu, na mara mguu wake ukagonga dumu, na dumu lilikuwa la kwake.

Kitinda alikuwa amesimama mwisho wa foleni, juu ya wengine wote pale ngazini, akilia kimyakimya.

"Mama, usinigombeze," alisema. "Nilifika wa kwanza. Dobi amenirudisha nyuma. Amesema nirudi mwisho kabisa, kule juu, nipange kama watu wote. Amesema hata kama mama yangu ni bomba lenyewe."

Fundi alimshika mtoto mkono kwa nguvu hadi akalalama. Kisha akawageukia watu walioko chini ya kona. "Dobi! Dobi, jamani, ondokeni! Acheni vyombo! Pandeni juu wote!"

Kicheko kikapanda kutoka bombani. Sauti ya mwanamume ikasema, "Mnamwona? Mwanawe amekosa nafasi, sasa anataka tuondoke."

"Safari hii hatudanganyiki!" mwingine akadakia.

"Kwa jina la Mungu, si uongo! Maji yanakuja!"

Ndipo ikasikika sauti ya dobi, tulivu, yenye furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza ni wa kwanza. Bila shaka alikuwa ameinama, ameweka sikio kwenye bomba kama alivyozoea. "Tulieni kwenye foleni," alisema. "Yanakuja kweli. Nayasikia yanavuma."

Waliokuwa ngazini waliona kabla ya wale waliokuwa nyuma ya ukuta. Upande wa juu wa mtaro lilitokea wimbi la rangi ya udongo, pana, lenye mbao na mabati ndani yake, na lilikuwa refu kuliko mtu. Hapo hakuna aliyehitaji king'ora. Watu walipanda ngazi kwa mikono na magoti, madumu yakibingirika chini yao. Fundi alipanda akimburuta Kitinda, hakuachia hata alipochubuka, wala hakutazama nyuma mpaka alipofika penye kamba ya nguo. Alipotazama, ukuta wa kona haukuwepo, bomba halikuwepo, wala wale waliokuwa mbele ya foleni. Maji yalikuwa yakipita mahali walipokuwa wamesimama, na jua lilikuwa bado linawaka.

Sitawahesabia waliokufa. Kila mmoja alikuwa na mlango wake ambao jioni ile haukufunguliwa. Dobi alipatikana mbali sana, upande wa pili wa jiji, mtaro unakoishia. Aliacha mume na watoto wawili, na mdogo wao hata shule hajaanza.

Dada Maafa alikuja kesho yake. Fundi alimsubiri mlangoni akitaka atukanwe, maana alifikiri matusi yangempunguzia mzigo. Msichana yule hakumtukana. Aliketi kwenye kigoda kilekile akalia, akasema kwamba yeye naye aliondoka siku ile shingo upande wakati alijua, na aliahidi kurudi akashughulikia mitaa mingine.

Kwenye mkutano wa wakazi, uwanjani, fundi alisimama akazungumza bila kuulizwa. "Niliwaita," alisema. "Kila niliyemwita alikuja. Nilipowaambia waondoke, hawakuniamini, na mimi ndiye niliyewafundisha wasiniamini." Akauweka ufunguo wa paa mbele ya watu, akaketi. Hakuna aliyemrukia, hakuna pia aliyemfariji.

Walipotawanyika alipita njia panda. Shuka za wateja wa dobi zilikuwa bado kambani. Zilikuwa zimekauka siku nyingi, zimeingia vumbi, na hapakuwa na mtu aliyekuwa na moyo wa kuzigusa. Mume wa dobi alikuwa amesimama hapo akizitazama.

"Sijui ni za nani na nani," alisema. "Yeye ndiye alijua."

"Nitazipeleka mimi," fundi alisema. "Nitauliza nyumba kwa nyumba."

Mwanamume yule akamtazama Kitinda aliyekuwa ameshika gauni la mama yake, akauliza, "Ni kweli yeye ndiye aliyekurudisha nyuma, mwanangu?"

"Ndiyo, Baba," mtoto alisema. "Alinishika hapa begani. Nilimchukia."

Mume wa dobi aliweka mkono juu ya bega lile, palepale, akauondoa. Wakaanza kuanua, fundi na yeye, wakikunja kila shuka kwa kukutanisha pembe. Walipotoa ya mwisho, nguzo ilibaki wazi. Kibao cha Dada Maafa kilikuwa hapo muda wote, safi, hakijapauka hata kidogo kwa sababu kilikuwa kivulini, na mshale wake mwekundu ulielekea juu.

Mafunzo

Ndugu zangu, mtaro haukuwa na hila. Ulifanya kazi yake ya mtaro, na mlinzi alipiga simu kwa wakati, na king'ora kilikuwa kizima. Kila kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya kuwaokoa watu wale kilifanya kazi siku ile. Kilichokuwa kimeharibika ni maana yake, na maana iliharibiwa polepole, kwa nia njema, mbele ya macho ya mtaa mzima uliokuwa ukicheka.

Basi onyo la hatari liwe la hatari peke yake. Msilitumie kuitia maji, wala chanjo, wala bao, hata siku ambayo shida ni kubwa na mnaona huruma. Kama mnahitaji kengele ya bomba, nunueni kengele ya bomba. Msitundike nguo kwenye vibao vya njia ya kukimbilia, wala msizibe vichochoro kwa majiko na mabanda. Fanyeni mazoezi ya kupanda juu hata kama jirani anawacheka. Nanyi wakubwa wa miji, mkiona watu wanatumia king'ora kuitana bombani, jueni kwamba wanawaambia hawana maji. Wapeni maji, kwa maana aliye na kiu atashuka bondeni hata mkimwekea ving'ora mia. Zaidi ya yote, anayekabidhiwa sauti ya kuwaonya wenzake asijipendelee kwa madumu mawili. Siku atakapoomba kuaminiwa, madumu hayo yatakumbukwa.

Mteremkoni siku hizi hawasemi tena "maji yanakuja" wakati wa hatari. Wanafundisha watoto neno moja, "Panda!", kwa sababu hakuna awezaye kulisikia akashuka na ndoo. Bomba jipya limewekwa juu, karibu na shule. Kitinda amekuwa msichana mkubwa sasa, na huenda kuchota kama wengine. Hata akikuta foleni haina mtu, husimama kwanza nyuma, mahali ambapo mwisho ungekuwa, akangoja kidogo, ndipo akasogea mbele.